Nyumba Bila Ardhi

Jana alasiri nilikubali.
Mwezi mzima kompyuta ilikuwa yaniomba, kwa adabu,
kwa kidirisha kidogo pembeni: mfumo wako umezeeka,
upo mpya, ni bure, bonyeza.
Nikabonyeza, nikenda zangu kununua viazi karai.
Niliporudi imefika asilimia arubaini na moja,
feni yavuma kama cherehani ya marehemu mama.
Usiku ikajizima, ikajiwasha,
ikaja na sura mpya: milima yenye theluji, hapa Majengo.

Jina. Neno la siri.
Ikasema Karibu.
Kioo kikawa cheusi, nikahesabu moja, mbili,
kisha mlango ule ule:
Jina. Neno la siri.

Si kwamba ilinikataa. Ningekosea ingeniambia,
ingetikisa kisanduku kama mtu atikisavyo kichwa.
Hii yanipokea, kisha yanitolea mlango wa uani.
Nazunguka, nabisha tena.
Mara kumi na tisa nimekaribishwa
na sijafika sebuleni.

Na ndani mna risiti za kodi ya ardhi za nyumba sitini na tatu,
nilizozipiga picha moja moja juu ya meza ya kamati:
za Mzee Shekuwe zimeliwa na mende pembeni,
za Bi Nyevu zilinukia udi, alizitoa kwenye kijaluba.
Kesho saa tatu tuko mahakamani.
Mwenye ardhi, ambaye hatujapata kumwona, ana wakili na hati.
Sisi tuna kuta, tuna mabati,
na vitovu vya watoto tulivyovizika uani.

Nilijaribu niliyoyajua.
Nilichomoa waya, nikachomeka.
Niliwasha herufi kubwa, nikazima.
Nilipangusa vitufe kwa kitambaa cha miwani.
Nilisoma Bismillahi, kisha nikatukana,
kisha nikasoma tena kwa ajili ya lile tusi.
Neno lenyewe ni jina la paka wetu na mwaka aliopotea.
Nitalisahau vipi?

Mbodze akaja baada ya isha,
miguu ina vumbi la Kisauni, mkoba waya tupu.
Hakunikemea. Wala hakuugusa ule mlango.
Alibonyeza vitufe vitatu kwa pamoja,
milima ikaanguka yote,
pakabaki kiza na maandishi meupe.
Akanipisha niandike jina langu, na paka, na mwaka.
Likapita.

"Kumbe neno si kosa."
"Neno si kosa, baba. Tazama."

Kidole chake kikafuata mstari mmoja.
Folda ya nyumbani kwako hii hapa, kila faili limo,
hesabu ukitaka. Lakini mwenyewe si wewe.
Mfumo mpya ulipohamisha vitu usiku
uliiandikisha nyumba kwa jina la mkuu wa mashine.
Ufunguo unao, mlango wakujua,
ila ndani huna ruhusa hata ya kuweka kikombe,
basi unatolewa. Bila kelele.

Nilicheka hadi Bi Nyevu akauliza dirishani kuna nini.
Hata humu, Mbodze?
Hata humu tuna nyumba bila ardhi?

Hakujibu. Naye kwao ni Kisauni.
Aliandika mstari mfupi kuliko jina la wakili,
akabonyeza. Mashine haikutaka hati,
wala shahidi, wala muhuri, wala ada ya kufungua jalada.
Nyumba ikarudi kwa jina langu na vyote vilivyomo,
chumba kwa chumba, hadi pipa la taka.

Nikaingia.
Paka yule pale, juu ya pipa la maji, mwaka ule.

Printa ilianza saa tano.
Kwenye nyumba ya hamsini na tisa wino ukaanza kukata,
Mbodze akauchomoa, akautikisa, akaurudisha;
tano za mwisho zimetoka rangi ya majivu, zasomeka kwa kuinamiwa.
Alipokuwa akikunja waya zake nikamwambia
ule mstari, niandikie.
Akauandika nyuma ya risiti ya viazi.
Hakimu hatauelewa, wala sitamwonyesha.
Nimeutia mfuko wa shati, pamoja na kitambulisho.